Vidonge Vinne na Glasi ya Mtindi: Moshi, Machame hadi Arusha

Alhamisi, Moshi mjini

Mjomba alifika jana usiku na basi la Tanga, amejifunika koti zito utadhani anakwenda kulala Kibo. Asubuhi hii nimempa mkono wa salamu nikaushika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. "Uchovu wa safari tu, mwanangu," akasema. "Nimeshameza panadol mbili tangu Same."

Kipimajoto kimesoma 38.9. Mpango wetu ulikuwa kupanda Machame leo, maana Jumamosi kuna kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, halafu Jumatatu twende Arusha kwa binti yake aliyejifungua. Imebidi tuanze na zahanati. Tone moja la damu kidoleni, robo saa ya kusubiri kwenye benchi, mistari miwili: malaria. Mbu wake si wageni Moshi, hasa huko tambarare kwenye mpunga na miwa, lakini swali la kwanza la tabibu lilikuwa, "Mzee, umetoka wapi?" Kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu huchukua kama wiki moja hadi mbili tangu mbu akuume mpaka homa ipande. Mjomba ametoka Korogwe, na wiki mbili zilizopita alikuwa akilala shambani.

Amepewa dawa ya mseto, vidonge 24: vinne kila mara, mara sita ndani ya siku tatu. Dada wa dirishani ameeleza saa vizuri kabisa. Vinne sasa hivi, vinne baada ya saa nane, kesho na keshokutwa asubuhi na jioni. Chakula hakukitaja. Nimengoja foleni ipungue nikamnong'oneza kwamba mimi ni mfamasia. Akacheka, akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye bahasha NA CHAKULA.

Sawa, ila chakula ni neno pana. Chai ya rangi na mkate mkavu ni chakula. Ugali na mchicha wa kuchemsha ni chakula. Dawa hii inataka mafuta.

Kila kidonge kina dawa mbili, artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Zote hupenda mafuta kuliko maji, na lumefantrini imezidi: kwenye maji haiyeyuki karibu kabisa. Ukiimeza tumboni hamna kitu, sehemu kubwa itapita kama ilivyoingia. Mlo wa mafuta mengi ukilinganishwa na tumbo tupu huongeza artemetha inayofika kwenye damu mara mbili hadi tatu, na lumefantrini kama mara 16. Mara kumi na sita, kwa vidonge vilevile na bei ileile.

Shida ni kwamba watu wakisikia "mafuta" huwaza kitimoto na chipsi, na mgonjwa wa malaria hata harufu ya supu inamtapisha. Mgahawani karibu na stendi mjomba aliangalia sahani za watu akageuza uso. Sikumlazimisha. Nimeagiza glasi ya mtindi. Akanywa nusu, akameza vinne, akamalizia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Inatosha, na zaidi. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 uliwapa watu maziwa ya soya kwa viwango tofauti pamoja na dawa hii, na ikaonekana mililita 36, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zinafikisha karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu kinachoweza kufyonzwa. Glasi ya mtindi wa ng'ombe ina mafuta mara kadhaa ya hayo.

Basi tukakaa kivulini, mjomba akisinzia, mimi nikifuata saa na kuwaza yanayoendelea ndani yake.

Mafuta yakigusa mwanzo wa utumbo mwembamba, kibofu cha nyongo hujikamua. Chumvi za nyongo zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kwa hiyo zinafanya ile kazi ya sabuni kwenye sufuria iliyopikiwa nyama: tone kubwa la mafuta linavunjika kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea majini, na lumefantrini iko ndani yake. Tumbo tupu halimwagi nyongo ya kutosha. Ndiyo maana hata glasi moja ya maziwa inaleta tofauti kubwa hivyo. Pamoja na kubeba dawa, yanaita nyongo.

Kutoka hapo dawa haihitaji mlango. Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta, na kitu kinachopenda mafuta huupenya chenyewe. Tofauti kubwa inaanza upande wa pili wa ukuta. Panadol ya Same iliingia kwenye vijishipa vya damu vya utumbo na kupelekwa moja kwa moja ini, kama karibu vyote tunavyokula, na ini huchukua chake kabla mwili mzima haujapata. Mafuta hayapiti huko. Seli za utumbo huyakusanya upya, huyafunga kwa protini na kuyafanya mafungu yanayoitwa kailomikroni, makubwa mno kupenya kwenye vijishipa vya damu. Huingia kwenye mishipa ya limfu, hupanda kifuani mbele ya uti wa mgongo, na kumwagika kwenye mshipa wa damu upande wa kushoto wa shina la shingo, pale mshipa wa shingoni unapokutana na ule wa mkononi. Dawa inayopenda mafuta kupita kiasi huweza kujipakia humo, ikaingia kwenye mzunguko wa damu bila kupita ini kwanza.

Wakubwa wanaikumbuka Halfan, dawa ya malaria iliyoondoka kwa sababu ya kusumbua mapigo ya moyo. Jina lake la kitaalamu ni halofantrini, na kwa umbile inakaribiana na lumefantrini. Watafiti waliipima kwa mbwa: kwa walioshiba, zaidi ya nusu ya dozi ilipita kwenye limfu, kwa wenye njaa, karibu hakuna kilichopita huko. Dawa ile ile, mnyama yule yule, njia ya kuingilia imeamuliwa na bakuli la chakula.

Saa kumi na mbili jioni mjomba amemeza vinne vya pili, safari hii na nusu parachichi lenye chumvi. Amekubali bila ubishi. Parachichi la Kilimanjaro halihitaji mtetezi.

Ijumaa, Moshi hadi Machame

Usiku ametoka jasho mpaka tumebadilisha shuka. Asubuhi homa imeshuka, macho yameng'aa, ameomba uji. Uji wenye maziwa na kijiko cha siagi, vidonge vinne saa nne, kisha stendi.

Gari la Machame limejaa hadi mlangoni, ndoo za rangi zilizojaa ndizi mbivu miguuni mwa watu. Kwa Sadala nusu ya abiria wameshuka sokoni na nusu nyingine wamepanda, konda akidai nafasi ipo. Kadiri tunavyopanda ndivyo mjomba anavyochangamka na kuanza kunionyesha nyumba za watu aliosoma nao.

"Mwanangu, mimi nimepona."

Niliitegemea kauli hiyo. Hutoka siku ya pili kwa karibu kila mtu mzima, na imetengenezwa na artemetha. Hiyo ina haraka. Saa mbili tu baada ya kumeza inakuwa imefika kilele kwenye damu, ini linaigeuza kuwa dihidroatemisinini ambayo nayo inaua vimelea, na baada ya saa chache zote mbili zimekwisha. Katika kila mzunguko wa kimelea wa saa 48, dawa za jamii hii hupunguza idadi ya vimelea kama mara 10,000. Mgonjwa aliyekuwa na vimelea bilioni kadhaa mwilini hubaki na laki kadhaa, homa inakata, njaa inarudi. Lakini laki kadhaa ni laki kadhaa. Wakiachwa wanaongezeka upya, na wiki tatu baadaye utasikia "malaria imerudi".

Kuwamaliza waliobaki ni kazi ya lumefantrini, na yenyewe haina haraka. Inafika kilele saa sita hadi nane baada ya kumezwa na inakaa siku nyingi.

"Sasa kama yenyewe ndiyo inayomaliza," mjomba akasema, "si wangenipa zote ishirini na nne kwa mkupuo tukamaliza biashara?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa dirishani. Jibu ni kwamba utumbo una kikomo. Nyongo na mafuta ya mlo mmoja huweza kubeba lumefantrini kiasi fulani tu. Ukiongeza vidonge, ziada haifyonzwi. Kwa hiyo milo sita, dozi sita. Mwanzoni dawa hii ilijaribiwa kwa dozi nne, na Thailand, ambako vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi, nne hazikutosha. Ndipo zikawa sita. Tanzania ilipoichagua mwaka 2006 kuchukua nafasi ya SP, dawa ya malaria ya wakati huo, ambayo nayo ilikuwa imepokea kijiti kutoka klorokwini mwaka 2001, tayari ilikuwa dozi sita.

Dereva amefunga breki ghafla kwa ajili ya mbuzi, mazungumzo yakahamia kwa wenye mbuzi.

Mama mkubwa ametupokea na mtori. Mtori wa Machame, ndizi zimepondwa mpaka zimekubali, nyama ina mafuta yake, maziwa juu. Mjomba amekula bakuli mbili. Saa nne usiku vidonge vinne vya jioni na maziwa ya moto. Hapa sihitaji kusema lolote kuhusu mafuta, nyumba hii haijawahi kuyakosa.

Kabla ya kulala amenihoji tena, sasa akiwa na sauti yake ya kawaida ya mwalimu mstaafu. Dawa ikishaingia kwenye damu, na damu ni maji, inaeleaje? Haielei. Damu ina lipoprotini, vifungu vya mafuta na protini ambavyo mwili huvitumia kusafirishia kolesteroli, na lumefantrini hukaa humo, sehemu kubwa kwenye aina ile ambayo kliniki ya moyo huiita kolesteroli nzuri. Nyingine hushikamana na protini kama albumini. Zaidi ya asilimia 99 ya lumefantrini iliyomo kwenye damu imeshikwa namna hiyo muda wowote. Iliyo huru, inayoweza kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu na kumkuta kimelea, ni chini ya asilimia moja.

"Asilimia moja ndiyo inafanya kazi, tisini na tisa zimekaa?"

Zimekaa, ila ya huru ikitumika, iliyoshikwa huachia nyingine mara moja. Akaguna. Anadhani ni mfumo wa kiserikali.

Jumamosi, Machame

Kikao cha ukoo kimeanza saa tano badala ya saa tatu na sitakiandika hapa, isasale, ule mmea wa mipaka ya Wachagga, limeshuhudia ya kutosha. Mbege imezunguka mapema. Mjomba alinyanyua kibuyu akanitazama: "Hii si chakula? Ina ulezi, ina ndizi." Ina vyote hivyo na mafuta karibu sifuri, nikamwambia, na kikao kizima kikacheka. Vidonge vya saa nne alikuwa ameshavimeza na machalari ya nyama.

Kilichonishika leo ni bibi.

Bibi ana miaka themanini na kitu. Toka tufike anasinzia: kwenye kiti, kwenye sala, katikati ya sentensi. Jana usiku akielekea chooni ameyumba akashika mlango. Wajukuu wanasema ni uzee. Nimeomba kuona dawa zake. Kwenye kopo la zamani la kahawa, chini ya za presha, nikakuta diazepamu. Aliandikiwa akiwa amefiwa, alale siku chache. Duka fulani limeendelea kumuuzia, na ameendelea kumeza kila usiku.

Diazepamu ni mfano wa dawa inayopenda mafuta kuliko nyingi zinazokaa majumbani. Ubongo una mafuta mengi na una damu nyingi inayopita, na ukuta unaoulinda dhidi ya vitu vya kwenye damu hauizuii dawa ya namna hii. Ndiyo maana mtu mwenye degedege akidungwa diazepamu mshipani hutulia ndani ya dakika chache. Kisha dawa huondoka kwenye ubongo upesi pia, lakini haijatoka mwilini. Imehamia kwenye misuli na kwenye mafuta ya chini ya ngozi, ambako damu hupita polepole, na kutoka huko hurudi kidogo kidogo. Thiopentali, iliyotumika miaka mingi kulaza watu chumba cha upasuaji, ina tabia hiyohiyo: mgonjwa huamka baada ya dakika kadhaa na dawa karibu yote ingali ndani yake, imehama tu mtaa.

Sasa ongeza umri. Mtu akizeeka misuli hupungua na sehemu ya mwili iliyo mafuta huongezeka, hata kwa mzee mwembamba kama bibi. Ghala limepanuka. Mwaka 1975 watafiti waliopima diazepamu kwa watu wa umri mbalimbali walikuta muda wa dawa kupungua hadi nusu ukifuatana na miaka ya mtu: kama saa 20 kwa kijana wa miaka 20, kama saa 90 kwa mwenye miaka 80. Na ini linapoivunja, zao lake la kwanza nalo linaleta usingizi na linakaa muda mrefu kuliko yenyewe. Bibi akimeza leo usiku, ya jana iko, ya juzi iko, ya wiki iliyopita bado inadondoka kutoka kwenye mafuta. Hasinzii kwa uzee. Analewa polepole kila siku, na siku akianguka nyonga itavunjika.

Mama mkubwa alitaka kuitupa jalalani papo hapo. Nimemzuia. Dawa iliyozoewa hivyo ikikatwa ghafla huleta mtetemeko, usingizi kupotea kabisa, hata degedege. Inapunguzwa hatua kwa hatua na daktari akisimamia. Tumekubaliana Jumatatu mama mkubwa ampeleke hospitali na kopo lote, pamoja na kahawa iliyobaki chini.

Saa nne usiku, vinne vya mwisho. Mjomba amenionyesha pakiti tupu kama mtoto aonyeshaye daftari.

Jumapili

Ibada imechukua saa tatu, mnada wa mazao ya sadaka nje ya kanisa saa moja, na nimetoka na mkungu wa ndizi nisioweza kuubeba. Mlima umejifunika siku nzima.

Jumatatu, Machame hadi Arusha

Tumeshuka barabara kuu asubuhi, tukapanda gari la Arusha. Boma Ng'ombe wamepanda vijana wawili wenye barakoa wakitokea njia ya Sanya Juu. Huko ndiko iliko Kibong'oto, ambayo ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ndiyo hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ambukizi, mahali kifua kikuu sugu kinapotibiwa. Mjomba akanong'ona, "Nao wana dawa ya mafuta?"

Wanayo, na inaiacha lumefantrini mbali sana. Bedakwilini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya zaidi ya miaka 40 bila dawa ya kifua kikuu ya aina mpya. Humezwa na chakula, na chakula huongeza kinachoingia kwenye damu kama mara mbili. Kisha huenea kwenye tishu na kung'ang'ania mafuta ya utando wa seli kiasi kwamba awamu ya mwisho ya kutoka ni ya taratibu ajabu: kiasi chake hupungua nusu katika muda wa kama miezi mitano na nusu. Ndiyo maana hutolewa kila siku kwa wiki mbili za kwanza kujaza ghala, halafu mara tatu tu kwa wiki. Mgonjwa akimaliza matibabu leo, mabaki yatapatikana mwakani.

Faida ni kwamba dozi moja iliyochelewa haiharibu kitu sana. Hasara ni kwamba madhara yakitokea, huwezi kuiondoa, unangoja. Na mgonjwa akiacha dawa zote njiani, zile nyingine zinaisha mapema na bedakwilini inabaki peke yake kwa miezi, kidogo kidogo, ikimfundisha bakteria usugu. Hii ndiyo sehemu ya dawa hizi inayoninyima raha. Tunazisifu kwa kukaa muda mrefu, na huohuo mkia mrefu ndio darasa la usugu. Lumefantrini nayo ina mkia kama huo, mfupi zaidi.

KIA, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Foleni ya kuingia mjini. Baridi ya Arusha imempokea mjomba na koti lake likapata heshima.

Jumanne, Arusha

Mtoto ni wa kike, ana siku tano, analala ngumi zikiwa juu. Mama yake ameniuliza kwa nini walimdunga sindano pajani mara tu alipozaliwa. Hiyo ni vitamini K, jamaa mwingine wa mafuta, inayohitajika ili damu igande. Haivuki vizuri kutoka kwa mama kupitia kondo, na maziwa ya mama yana kidogo, kwa hiyo mtoto huzaliwa akiba yake ikiwa karibu tupu. Vitamini A ni kinyume: ini huihifadhi kwa miezi, ndiyo maana kuanzia miezi sita watoto wetu hupewa tone mara mbili tu kwa mwaka, Juni na Desemba.

Ameuliza pia kama dawa alizopewa zinapita kwenye maziwa. Zinazopenda mafuta hupita kwa urahisi zaidi, maana maziwa ni mafuta yaliyotawanywa majini. Nyingi hupita kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtoto, na za kwake ni za namna hiyo. Diazepamu ya kila siku ningemkataza, ini la mtoto mchanga haliimudu.

Jumatano, Arusha

Mvua. Tumezunguka soko la Kilombero na viatu vya matope. Mjomba ana njaa ya mtu aliyepona. Amekula kisusio, amekula ndizi nyama, ameuliza bei ya kila kitu.

Nikakumbuka kwamba miaka ya 2000 wakulima wa huku kaskazini, mashamba ya Arusha yakiwemo, walilima mmea wa Artemisia annua, pakanga ya Kichina, kwa ajili ya viwanda vya dawa ya mseto. Kiini chake, atemisinini, kiliibuliwa China miaka ya 1970, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Chenyewe hakiyeyuki vizuri majini, wala kwenye mafuta si hodari. Wanakemia wakakivuta pande mbili. Upande wa mafuta ukatoa artemetha, inayofaa kidonge na sindano ya mafuta ya msulini. Upande wa maji ukatoa atesuneti, inayodungwa mshipani.

Tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Mtu mwenye malaria kali, mwili baridi, damu haizunguki vizuri misulini, ukimdunga dawa iliyo ndani ya mafuta hujui itatoka msulini lini. Ya maji huingia damuni papo hapo. Utafiti mkubwa wa atesuneti dhidi ya kwinini, uliotangazwa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha vifo kupungua kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Baadhi ya watoto hao walitibiwa Muheza, jirani na kwa mjomba. Kwa hiyo kupenda mafuta si sifa wala kasoro. Inategemea mgonjwa anaweza kunywa mtindi au hawezi.

Alhamisi, Arusha

Leo ni siku ya saba tangu dozi ya kwanza, na kwa watu wanaofuatilia lumefantrini hii ndiyo siku yenyewe. Mwaka 2015 takwimu za tafiti nyingi ziliunganishwa, na ikaonekana kwamba mgonjwa ambaye siku ya saba bado ana angalau nanogramu 200 za lumefantrini katika mililita moja ya plazma, yaani maji ya damu, kama vimelea vyake havikuwa vingi kupita kiasi mwanzoni, ana nafasi ya zaidi ya asilimia 98 ya kupona kabisa. Watoto wadogo na wajawazito huangukia chini ya kiwango hicho mara nyingi zaidi. Zahanati haziwezi kupima hilo, na mjomba hakupimwa. Tulichonacho ni milo sita ninayoijua mmoja mmoja, na kwa hiyo sina wasiwasi naye.

"Kwa hiyo bado ninayo?"

Bado. Kwa mgonjwa wa malaria hupungua nusu kila baada ya siku nne hadi sita hivi. Ini linaivunja taratibu, na nyingi hutoka kwa njia ya nyongo na choo; figo hazina habari nayo, maana mkojo ni maji. Artemetha ilitoka tangu Jumapili. Mwezi ujao hata lumefantrini haitamlinda, na mbu wa Korogwe wapo palepale.

Binti yake amemnunulia chandarua, kimefumwa hapahapa Arusha. Kiwanda cha A to Z kinatengeneza vyandarua vyenye dawa iliyochanganywa ndani ya uzi tangu mwaka 2003. Dawa hiyo, pamethrini, ni ya jamii yetu ya wiki nzima: haipendi maji, ndiyo maana haiishi kwa kufuliwa mara moja, na inapenda mafuta. Mwili wa mbu umefunikwa na nta. Akitua na miguu yake sita, pamethrini inapenya kwenye nta hiyo mpaka kwenye mishipa ya fahamu na kuacha milango yake ya sodiamu wazi. Kwa binadamu ini huivunja upesi kabla haijafanya hivyo.

Mjomba amesikiliza huku akikunja chandarua kuingiza kwenye begi, juu ya koti. Akauliza kama akitundike usiku huuhuu akifika. Nimemwambia akianike kwanza kivulini siku nzima, asikiweke juani, na shambani aende nacho. Basi limeondoka saa mbili na robo.